Vidonge Vinne vya Asubuhi

Mtu akikwambia Dada Pasi ana mdomo, usimbishie, maana hata mwenyewe hajawahi kubisha. Alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba mbili za wageni, makoti meupe ya mafundi wa maabara, na nguo za yeyote aliyefika mlangoni pake na furushi, na wote hao aliwasema. Huyu anakula kama ananyunyizia supu kifuani, yule suruali zake mifukoni zina kutu ya misumari, hivi anajenga nyumba au anazila? Watu walicheka, wakaondoka, wiki ijayo wakarudi, kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kupotea kwake. Kila furushi lilishonewa uzi wa rangi yake kwa ndani, kwenye kola au kwenye pindo, na jioni alihesabu nyuzi. Zikitimia, mzigo umetimia. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya kazi yake, na alijisifia bila haya.

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake, kinyozi. Mama yao alifariki kinyozi akiwa bado anatambaa, na Dada Pasi ndiye aliyembeba mgongoni huku anafua. Kwa hiyo hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, dada yake alikuwa bado anamfulia. Mke alikuwepo, ndiyo, tena mchapakazi, yaya wa shule ya chekechea mitaa miwili kutoka hapo. Lakini mashuka ya kinyozi yalikuja kwa Dada Pasi kila Jumamosi, na hilo wifi yake alilimeza kimya kimya kama alivyomeza mengine.

Ni hayo mashuka yaliyosema kwanza. Jumamosi moja Dada Pasi alilifungua furushi akakuta shuka lina duara la njano pana, jasho juu ya jasho. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Akaangalia mkanda wa suruali, akakuta umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na pembeni lingine jipya zaidi. Hakumaliza hata kuloweka. Alikwenda hadi kibandani kwa kinyozi, mteja akiwa kitini nusu ya kichwa kimenyolewa, akasema, "Zima hiyo mashine."

"Dada, nina mteja."

"Mteja hatakufa kwa kunyolewa nusu. Wewe ndiye unakufa. Twende."

Kinyozi alikuwa anaishi na virusi vya ukimwi, yeye na mkewe, na wote wawili walikuwa wameanza dawa za kufubaza mwaka uliopita. Kliniki kila mwezi waliulizwa yale maswali manne: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua? Na kila mwezi kinyozi alijibu hapana, hapana, hapana, hapana, kama anafukuza nzi, apate dawa zake awahi kibandani. Siku hiyo dada yake ndiye aliyemjibia. "Anakohoa. Homa anayo, mguse. Jasho ninalifua mimi. Na kupungua, nesi, hebu mwambie ashike mkanda tuone kama suruali itabaki juu." Kinyozi akacheka mpaka akakohoa, na makohozi yale yale ndiyo yaliyoingia kwenye kikopo. Majibu yalitoka kesho yake. Kifua kikuu.

Nesi wa kifua alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kufunga kwa kamba, mtu asiyepoteza maneno. Alieleza: miezi sita, kila siku bila kuruka, miezi miwili ya kwanza mchanganyiko wa dawa nne ndani ya kidonge, miezi minne ya mwisho mchanganyiko wa mbili. Kila mgonjwa awe na mtu wa nyumbani wa kumwangalia akimeza na kuweka alama kwenye kadi. "Mke wako?" akauliza.

"Mimi," alisema Dada Pasi kabla kinyozi hajafungua mdomo. "Nimemlisha uji huyu. Nitamlisha na vidonge."

Nesi akaandika. Kisha, kinyozi alipotoka kwenda kupimwa uzito, akamwambia Dada Pasi jambo moja zaidi. Mkewe aje, wiki hii hii. Anaishi na virusi, analala chumba kimoja na mgonjwa, lazima apimwe kifua. Akikutwa mzima atapewa vidonge vya kinga, ili ugonjwa usimpate. "Usisahau," nesi alisema. "Yeye yuko hatarini kuliko wewe."

"Nitamfikishia," alisema Dada Pasi.

Hakumfikishia. Tuseme ukweli tu, maana kwa nini tufiche sasa? Wawili hao hawakuwa wanasemeshana. Mwaka uliopita, siku ile majibu ya virusi yalipotoka, Dada Pasi alimfuata wifi yake bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo, akamwambia, "Umemuua ndugu yangu." Wifi hakujibu. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa Dada Pasi. Kinyozi alimwomba dada yake mara ngapi? "Dada, hatujui nani alianza. Huenda ni mimi." Dada Pasi alikuwa anaziba masikio. Sasa nesi anamtuma kwa mwanamke huyo huyo, aende akabishe hodi, aongee naye kwa upole? Alijiambia atakwenda Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na mashuka sitini. Akajiambia Alhamisi. Mwishowe akajiambia kwamba wifi ana afya kama ngoma, kuliko wao wote, na kliniki si anakwenda mwenyewe? Watamuuliza huko huko. Na kweli walimuuliza huko, na yeye naye alijibu hapana mara nne, maana siku hizo alikuwa hana kitu.

Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri hata ukasema ni hadithi ya mtu mwingine. Kila asubuhi kinyozi alipita kwa dada yake kabla ya kufungua kibanda. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya kupigia pasi, dada akampa chai, akamwekea vidonge vinne kwenye kifuniko cha chupa. "Fungua. Inua ulimi. Toa ulimi." Kinyozi alitoa ulimi mpaka kidevuni kumuudhi.

"Dada, tangu nianze hizi dawa nakojoa soda ya chungwa."

"Usiuze tu."

Alianza kunenepa. Tundu la kwanza la mkanda likaachwa, halafu la pili. Mashuka yakaja makavu. Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena, na nesi, yule asiyetabasamu, akatabasamu: hakuna mdudu aliyeonekana. Dada Pasi alirudi nyumbani akaimba siku nzima juu ya mashuka ya watu, sauti mbaya, majirani wakamvumilia. Mdogo wake anapona. Alitaka kitu hicho kimoja tu katika maisha yake yote, na alikuwa amekishika mkononi.

Mwezi wa tatu kinyozi akaomba jambo. Wateja wamekuwa wengi, anafungua mapema, kupita kwa dada kunamchelewesha. Je, akimeza nyumbani, halafu akipita jioni amletee maganda? Dada Pasi alimtazama. Alikuwa na mzigo wa mashuka mezani na pasi imeshapata moto. Akakubali.

Basi kila jioni kinyozi alipita na kipande cha karatasi ya fedha chenye matundu manne matupu. Dada Pasi aliyatoboa maganda hayo kwa sindano, akayatunga kwenye uzi mwekundu kama zile nyuzi za mafurushi yake, akautundika ukutani juu ya meza. Kisha akaweka alama kwenye kadi. Hesabu haikupungua hata siku moja. Wageni waliouliza aliwaonyesha: hapo ndipo ulipo uhai wa mdogo wangu, hesabuni wenyewe. Alikuwa anajivunia uzi ule, masikini, kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukifanya kwa mikono yake.

Mwezi wa nne kinyozi alianza kuchoka tena. Ni kazi, alisema. Mwezi wa tano furushi la Jumamosi likaja na shuka lenye duara la njano. Dada Pasi alilishika muda mrefu, kisha akalitumbukiza kwenye maji ya moto haraka, kabla hajaliangalia vizuri. Joto limezidi siku hizi, alijiambia. Kila mtu anatoka jasho.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa ya kipimo. Makohozi yakachukuliwa, na safari hii nesi hakutabasamu. Wadudu wamerudi. Kikopo kikapelekwa kwenye mashine nyingine, na siku ya majibu wakaitwa wote wawili wakae chini, dirisha limefunguliwa wazi, nesi amevaa barakoa.

"Wamekuwa sugu," alisema. "Dawa hii haiwaui tena." Akaifungua kadi, akaipitisha kidole. Alama kila kisanduku, hakuna pengo. "Dada, hii kadi uliijaza wewe?"

"Kila siku."

"Ulimwona akimeza?"

"Maganda ninayo yote. Ninayo nyumbani kwenye uzi, hakuna hata moja…"

"Sikuuliza maganda. Ulimwona akimeza?"

Dada Pasi aliivuta kadi kwake. Aligeuka kumtazama mdogo wake. Kinyozi alikuwa ameinamia mikono yake, anazitazama kucha.

"Nilikuwa nameza viwili," alisema.

"Na viwili vingine?"

"Mke wangu. Alianza kukohoa mwezi wa tatu. Nikamwambia aje kwako, akasema kazini wakijua watamfukuza, watoto wa watu, nani atamwacha? Nami niliona napona, niko mzima, uzito umerudi. Nikasema tugawane. Hakutaka, nesi. Nilimlazimisha. Nilikuwa nakaa mbele yake mpaka ameze, kama dada alivyonifanya mimi."

Nesi alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nusu dozi haiui wadudu. Inawafundisha. Sasa mmewafundisha wewe na mkeo." Kisha akamgeukia Dada Pasi. "Lakini mimi si nilikutuma? Mwezi wa kwanza. Nilikwambia mkewe aje apimwe, apewe kinga. Alikataa?"

Kinyozi aliinua kichwa. "Kinga gani?"

Nesi alimtazama Dada Pasi.

"Dada, kinga gani?"

Dada Pasi alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua, kwamba alisahau. Lakini kinyozi alilelewa mgongoni kwake, na alijua kwamba dada yake hajawahi kusahau hata soksi ya mtu. Alimtazama tu. Hakumtukana, hakulia. Akatoka nje akakaa kwenye benchi na watu wengine wanaokohoa, na Dada Pasi akabaki ndani na kadi yake iliyojaa.

Yaliyofuata yalikuja kwa kasi, na yote mabaya. Wifi alipimwa, akakutwa na ugonjwa ule ule, sugu vile vile. Wahudumu wakaenda shule ya chekechea kupima watoto arobaini na mmoja, mmoja mmoja, huku mama zao wamesimama ukutani. Wanne wakakutwa nao. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani wa Dada Pasi, yule aliyevumilia kuimba kwake. Wifi alifukuzwa siku hiyo hiyo, akakabidhiwa viatu vyake vya kazini na kikombe chake kwenye mfuko wa plastiki.

Kinyozi akaanzishiwa dawa mpya, lakini mwili ulikuwa umeshachoka na virusi navyo vilipata nafasi. Alilazwa. Dada Pasi alikwenda kila siku akapiga magoti kando ya kitanda, na alimwomba msamaha kila siku, mpaka kinyozi akachoka kusikia.

"Dada, mimi nimekusamehe zamani. Lakini si mimi uliyenitupa."

"Nifanye nini sasa?"

"Mwambie yeye."

"Nitamwambiaje?"

"Sijui. Una mdomo, si unao? Utumie."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki Jumanne asubuhi, saa ambayo angekuwa amekaa kwenye kigoda na chai mkononi. Shuka la wodi walilomfunikia lilikuwa limepigwa pasi vibaya, pindo limejikunja, na Dada Pasi alilinyoosha kwa kiganja, akalinyoosha tena, mpaka wakamwambia basi mama, inatosha.

Wiki tatu baada ya mazishi nesi alimfuata mwenyewe, akasimama mlangoni kati ya kamba za nguo. Wifi ana dawa za miezi sita na hana mtu wa kumsimamia. Ndugu zake wamemkimbia, wazazi wa watoto wanapita nyumba yake wakivuka barabara. Pafu moja limeoza karibu lote. "Sikuahidi kitu," nesi alisema. "Nafasi ni ndogo. Ila bila mtu, hana nafasi kabisa."

"Hatonitaka mimi."

"Mimi pia nisingekutaka," alisema nesi. "Lakini hakuna mwingine."

Dada Pasi alilala juu ya maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu, jua limeshapanda, alitembea ile njia ya kwenda kwa wifi yake ambayo hakuwahi kuitembea alipotumwa. Ilimchukua dakika saba. Alizihesabu, na kila moja ilimkata. Dakika saba tu, ee Mungu wangu.

Wifi alifungua mlango, amefunga kanga kifuani, mifupa ya shingo imetokeza. Walitazamana. Wifi hakumkaribisha wala hakufunga mlango.

"Umekuja kuniambia nimemuua tena?" aliuliza.

"Nimekuja na ujumbe," alisema Dada Pasi. "Nimechelewa nao."

"Wa nani?"

"Wa nesi. Alisema uje upimwe kifua. Akasema ukikutwa mzima utapewa vidonge, usiumwe." Aliendelea, maana alikuwa ameapa njiani kwamba atamaliza. "Alinituma mwaka huu, mwezi ule wa kwanza, wewe hujaanza hata kukohoa. Sikukuletea. Sikusahau, wifi. Nilikuchukia, ndiyo maana."

Wifi alishikilia fremu ya mlango. Alikaa hivyo mpaka kikohozi kilipompata, akainama, akakohoa kwa muda, akajifuta. "Angekuwa hai," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuwa na watoto wangu shuleni."

"Ndiyo."

"Haya. Ingia, kuna upepo."

Chumba kilikuwa safi. Mashine ya kunyolea ilikuwa juu ya rafu, waya umezungushwa vizuri. Katikati kulikuwa na meza ndogo ya chuma ya chai, na juu yake glasi ya maji na pakiti za dawa mpya. Dada Pasi alitoa kadi mpya na kalamu, akaketi. Hakusema fungua, hakusema inua ulimi. 

Wifi alitoboa pakiti moja baada ya nyingine, vidonge vinane, vya ukubwa tofauti. Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe, yeye anatazama dirishani. Vinne akavisogeza upande wake. Vinne akavisogeza ng'ambo ya meza, mbele ya kiti kilichokuwa kitupu.

Kisha akaona alichofanya.

"Ni vyako vyote, wifi," alisema Dada Pasi taratibu.

Wifi alimeza vinne vya upande wake, kimoja kimoja, kwa maji kidogo kidogo. Vile vingine hakuvigusa. "Hivi ni vyake," alisema. "Nilikula vyake miezi mitatu. Siwezi kula vingine vyake leo."

"Si vyake. Wifi, nakuomba, si vyake. Meza."

"Labda kesho."

Dada Pasi alibembeleza kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi. Akalia mwisho, na wifi akalia, na vidonge vinne vikabaki pale pale ng'ambo ya meza. Jua likafika dirishani likapita. Dada Pasi aliitazama kadi, kisanduku cha siku ya kwanza, kidogo, cheupe. Ingekuwa rahisi. Matundu yote ya siku hiyo yalikuwa matupu, mtu yeyote angeyahesabu angeona yametimia.

Akaifunika kalamu, akaacha kisanduku kitupu.